Siku Tatu Bila Kunawa

Rugenge, Uvira. Jumatatu, 2 Machi 1964

Daftari hili lilichorwa mistari kwa ajili ya majina ya wagonjwa. Daktari Mbelgiji aliniachia mimi, muuguzi wake, hapa dispensari alipoondoka mwaka wa sitini, pamoja na ufunguo wa kabati, kioo chake cha kukuzia vitu na kopo moja kubwa la unga wa salfa. Kuanzia leo nitaliandikia hasira zangu. Nikiendelea kuzimeza nitapata vidonda vya tumbo, na dawa ya vidonda vya tumbo iliisha Disemba.

Wagonjwa leo kumi na tisa. Wenye upele kumi na nne. Wanaofanya ninachowaambia: hakuna.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Mbu wamezidi. Nimejikuna asubuhi nzima.

Jumamosi, 7 Machi

Upele umeingia hapa nyumbani.

Nasema nyumbani, ingawa mimi ni mpangaji tu. Mke wangu Mukarusanga yuko juu milimani na ng'ombe wetu, na mimi nimepanga chumba cha uani kwa Mzee Asani, muuza vitambaa. Yeye ni Mwislamu, mimi ni Mprotestanti, na tangu mwaka juzi tunakula sinia moja. Mkewe Mwavita hawezi kuniona nimekaa bila sahani. Binti yao Aziza alikuja mwezi wa kwanza kutoka Bujumbura kwa mume wake, Alimasi, ili mtoto wake wa kwanza azaliwe mikononi mwa mama. Mimba ni ya miezi saba.

Mwezi uliopita akaja mama mzee Kankindi wa Mutarule, kijiji cha uwanda wa kaskazini, ambaye zamani alikuwa akimletea Asani mpunga. Huko uwandani vijana wameanza maneno ya vita, naye akakimbia na sufuria, mkeka na blanketi moja. Akapewa kulala na Aziza, chini ya blanketi hilo hilo.

Leo Aziza kaja mlangoni kwangu, mikono kaificha ndani ya kanga.

"Muganga, angalia. Iko inaniwasha mpaka nataka kulia."

Kati ya vidole kuna vipele vidogo na vile vimistari vyembamba ninavyovijua vizuri kuliko saini yangu.

Jumapili, 8 Machi

Baada ya ibada nimewaita wote uani. Nilijua nikiwaambia kwa mdomo tu haitasaidia, kwa hiyo nilichukua sindano, nikaichoma kwenye moto, nikafungua mwisho wa mstari mmoja kwenye kidole cha Aziza na kuweka nilichokitoa juu ya kipande cha karatasi nyeusi. Mwavita akainama juu ya kioo.

"Eh! Iko inatembea! Asani, kuya uone, iko na miguu!"

Nikawaeleza. Kile kidudu huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Salfa haikiui papo hapo. Ikikaa juu ya ngozi yenye joto hugeuka kidogo kidogo kuwa sumu kwake, ndiyo maana inataka muda. Ziko dawa nyingine kali zaidi, lakini kwa mwenye mimba daktari alikuwa akitumia hii tu. Kijiko kimoja cha unga kwa vijiko tisa vya mafuta. Kuoga kwanza, kujikausha, kisha kupaka kuanzia shingoni hadi nyayoni, kitovuni, kati ya vidole, chini ya kucha. Siku tatu mfululizo bila kuoga. Wote wa nyumba moja kwa pamoja. Siku ya nne kuoga, na nguo na matandiko yote yachemshwe.

"Na blanketi?" Kankindi akauliza.

"Na blanketi."

"Weye muganga, ukichemusha blanketi yangu itabakia nini?"

"Litabaki blanketi lisilo na vidudu, mama."

Hakupendezwa.

Alhamisi, 12 Machi

Siku tatu zimekwisha. Nyumba nzima inanuka mayai viza. Nimetumia vazelini ya mwisho ya dispensari.

Jumanne, 24 Machi

Sielewi. Matumbo safi, migongo safi, miguu safi. Mikono ile ile! Vimistari vipya kati ya vidole vya Aziza, vya Mwavita, hata vya Mzee Asani. Kankindi peke yake amepona kila mahali, yeye aliyeleta balaa lenyewe, na anatembea uani akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuja na blanketi.

Nimewahoji mmoja mmoja, kama hakimu.

"Mama Aziza, ulioga katika siku zile tatu?"

"Hapana, muganga."

"Kweli?"

"Nitakudanganya na umri hii? Sikuoga. Nilinuka vile ulitaka ninuke."

Aziza hivyo hivyo. Asani hivyo hivyo. Basi wote wakweli na dawa ndiyo mwongo.

Ijumaa, 27 Machi

Tumerudia siku tatu. Safari hii nimechanganya salfa na siagi ya ng'ombe aliyonitumia mke wangu. Imeshika vizuri kuliko vazelini. Mikono bado.

Jumapili, 29 Machi

Ibada ndefu, joto la unyevu. Shati linaniwasha kiunoni. Wahubiri wawe na huruma kidogo.

Jumatatu, 6 Aprili

Alimasi alituma barua: vita inakaribia, mkewe arudi Bujumbura sasa, mama mkwe amsindikize, mtoto azaliwe huko. Ana haki. Askari wa serikali wanapita kila siku kwenda uwandani, na wanaorudi ni wachache kuliko waliokwenda.

Leo nimewasindikiza hadi mpakani, upande wa pili wa Kavimvira. Warundi wameweka pale mtu wa afya, jina lake Rénovat, kijana mtaratibu mwenye koti jeupe kuliko langu. Huko kwao wanaogopa ndui, kwa hiyo kila anayevuka ananyoosha mikono. Aziza akanyoosha. Nikatoa cheti nilichoandika mwenyewe kwa Kifaransa kizuri kabisa: huu ni upele, si ndui, mgonjwa yuko kwenye matibabu.

Rénovat alikisoma chote, akakikunja, akanirudishia.

"Karatasi iko safi, muganga. Mikono haiko safi. Arudi. Siku itakuwa safi, atapita."

"Ana mimba ya miezi minane!"

"Njo maana. Huko iko na batoto wengine."

Ningependa kusema alikuwa mpumbavu. Hakuwa. Mimi ningefanya vile vile, na hilo liliniudhi zaidi. Njiani Aziza alificha mikono ndani ya kanga. Mwavita alisema maneno ya watu wote watatu.

Jumatatu, 13 Aprili

Leo nimepiga kelele uani mpaka majirani wakatoka.

Tangu tulipotoka mpakani Aziza amekuwa akijipaka salfa mara tano kwa siku bila kuniambia. Kopo aliazima kwangu, "kwa ajili ya mama", akajichanganyia unga mwingi na mafuta kidogo. Mikono imekuwa myekundu, imepasuka, inabanduka. Sasa hata kwa ndui ya kweli angepita kwa urahisi zaidi.

"Nani alikuambia mara tano?"

"Iko inaniwasha, muganga. Kama inaniwasha, dudu iko hai."

"Hapana! Kidudu kikifa, mwasho unabaki wiki mbili, wiki tatu. Ngozi bado inakasirikia mizoga yake. Ukiongeza dawa hapo huui kitu, unajiunguza mwenyewe! Salfa ina kipimo. Ukizidisha huponi zaidi, unachubuka tu."

Nilikuwa bado nasema, kidole juu, mwadhini wa alasiri alipoanza. Aziza akainuka kwa shida na tumbo lake, akachukua birika, kipande cha sabuni na dodoki, akaanza kuisugua mikono. Vidole. Kati ya vidole. Hadi viwikoni. Maji ya manjano yakatiririka juu ya mawe.

Nikasahau kushusha kidole.

"Unafanya nini?"

Mwavita ndiye aliyenijibu, polepole, kama mtu anayezungumza na mgeni. "Anatawaza. Ile mafuta yako inazuia maji kufika ku ngozi. Udhu haikubali. Lazima tuitoshe na sabuni kwanza, tuswali, kisha tunapaka tena. Weye unafikiri tunaswali na mafuta?"

"Mara ngapi kwa siku?"

"Azarias." Hajawahi kuniita kwa jina bila "muganga". "Uko hapa miaka miwili. Tunaswali mara ngapi?"

"Mbona hamkuniambia? Niliwauliza!"

"Uliuliza kama tulioga. Hatukuoga."

Miaka miwili nimelisikia birika lile alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Nimeamshwa nalo. Nimelilalamikia. Na nikaketi na kioo changu nikitafuta kosa kwenye dawa. Bila shaka Kankindi alipona: haswali, hakuna aliyemsugua. Nimeingia chumbani na kujifungia kwa aibu hadi wakati wa kula, na Mwavita akaniletea sahani kama kawaida.

Jumatano, 15 Aprili

Nimekwenda kwa Mwalimu Songoro wa msikitini, nimevaa koti langu la kazi ili nionekane mtu. Nikamweleza yote: kidudu, salfa, siku tatu, mimba, mpaka. Alisikiliza akizungusha tasbihi.

"Mugonjwa, kama maji inamuzuia kupona, anaacha maji. Anatayamamu. Anapiga mikono ku vumbi safi, anapangusa uso, anapangusa mikono. Basi. Anaswali."

"Nyumba nzima?"

"Wote wako na ugonjwa?"

"Wote."

"Basi wote. Siku tatu." Akanitazama juu ya miwani. "Hii shida ilianza lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na kutoka kwako mpaka kwangu ni hatua ngapi?"

Nilijaribu kuzihesabu nikirudi. Mia mbili, labda.

Alhamisi, 16 Aprili

Amri yangu kwa Aziza: hakuna salfa hata chembe kwa wiki moja. Siagi tupu tu asubuhi na jioni, ngozi ipumzike. Ananitazama kama msaliti, lakini anatii. Kisha ni Idd kubwa, na hakuna Mwislamu nitakayemwambia asitawaze siku ya Idd. Tutaanza tarehe ishirini na nne.

Jumapili, 19 Aprili

Vumbi! Mwalimu alisema vumbi safi na kavu. Mvua imenyesha siku kumi na moja. Uani ni tope, barabarani ni tope, Mzee Asani amechimba chini ya kaunta ya duka lake na kukuta tope. Amekausha udongo juu ya bati na mvua ikaja ikauchukua pamoja na bati. Nani anatafuta vumbi Uvira mwezi wa nne? Sisi.

Jumanne, 21 Aprili

Nimelipata. Kanisa letu la Nyamianda lina sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya mawe, na chini yake mvua haijawahi kufika tangu lijengwe. Nimetambaa humo kwa tumbo, mzee wa kanisa mzima, nikatoka na karai lililojaa vumbi laini kama unga wa muhogo. Nimelipitisha kwa Mwalimu Songoro kabla ya kulipeleka nyumbani, maana sitaki kosa jingine.

Alilichota kwa vidole. "Nzuri sana. Imetoka wapi?"

Sikuweza kusema uongo. "Chini ya kanisa, Mwalimu."

Tasbihi ikasimama.

"Iko kavu?"

"Kavu."

"Hakuna kitu muchafu?"

"Hakuna."

"Udongo ni wa Mungu," akasema mwishowe. "Peleka. Lakini musitangaze mahali ilitoka."

Ijumaa, 24 Aprili

Siku ya kwanza. Nimepima mwenyewe, nimechanganya mwenyewe. Salfa iliyobaki kwenye kopo inawatosha watu wanne: Asani, Mwavita, Aziza, Kankindi. Mwavita aliniona nikipima.

"Na weye?"

"Mimi nini?"

"Unajikuna, muganga. Kila siku uko unajikuna. Sasa hivi uko unajikuna."

"Hilo ni joto, Mama Aziza. Sisi wa milimani hatulizoei."

"Joto," akasema, akaenda zake.

Jumatatu, 27 Aprili

Asubuhi wameoga. Sufuria kubwa imechemsha tangu alfajiri: mashuka, kanga, kanzu, blanketi la Kankindi, ambalo halikuyeyuka. Katika siku tatu hakuna tone la maji lililogusa mikono. Karai la vumbi lilikaa barazani, na kila adhana familia nzima ililizunguka kwa adabu, ikiwa na rangi ya manjano na harufu mbaya, nami nikasimama pembeni nikilinda birika kama askari.

Jumatano, 29 Aprili

Waliokimbia kutoka uwandani wanasema vijana wa vita wana dawa yao ya kuzuia risasi. Ina masharti mengi: usile hiki, usiguse kile, usitazame nyuma. Na wote wanayashika, barabara kabisa! Yangu ina masharti manne na imenichukua miezi miwili.

Jumatatu, 4 Mei

Hakuna mstari mpya. Nimekagua kila kidole kwa kioo, mara mbili. Bado unawasha, lakini Aziza anakaa juu ya mikono yake na kusema meno ameyauma, "Dudu imekufa. Ngozi njo iko na kasirani." Karibu nilie.

Ijumaa, 8 Mei

Milio upande wa kaskazini. Si radi.

Jumatatu, 11 Mei

Tumeondoka asubuhi. Mzee Asani amebaki kulinda duka. Mimi nilikuwa na sanduku langu mkononi, kwa maana wafanyakazi wa serikali wameshauriwa waondoke, na njia ya kwetu milimani imefungwa. Nilipanga kuwafikisha kwa Alimasi na kungoja huko mpaka mambo yatulie.

Barabara ilijaa watu na mbuzi. Aziza alitembea ameshika kiuno. Kila tulipopumzika alifungua viganja na kuvitazama.

Rénovat alikuwa pale pale, koti si jeupe tena. Aziza akanyoosha mikono. Akaishika, akaigeuza, akatenganisha vidole kimoja kimoja. Nilihesabu pamoja naye. Kumi.

"Huyu njo yule wa siku ile?"

"Ni yule," nikasema.

"Umefanya kazi muzuri, muganga. Pita, mama."

Aziza akapita. Mwavita akapita. Kankindi akapita na blanketi lake begani. Nami nikachukua sanduku na kuanza kupita, kichwa juu.

"Na weye. Mikono."

Nikacheka. Nikanyoosha. Rénovat akanigeuzia vidole vyangu mwenyewe ili nivione. Kati ya cha pili na cha tatu, mstari. Kati ya cha tatu na cha nne, mstari. Kwenye kifundo cha mkono, mingine mitatu. Ya siku nyingi.

Sinia moja tangu mwaka juzi. Mbu wa mwezi wa tatu. Shati la kanisani. Joto.

Sikutoa cheti. Ningemwandikia nini?

Ng'ambo ya mti uliozuia njia mpakani Mwavita alikuwa ameona. "Nilikuambia!" alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Joto! Joto! Kichwa yako kama jiwe!" Aziza aliinua mikono yote miwili juu, vidole vimetanuka, akaishikilia hivyo mpaka umati ukamficha. Nikageuka, nikarudi Uvira peke yangu, kinyume cha watu wote.

Jumanne, 12 Mei

Mzee Asani hakucheka. Alikwangua kopo kwa kijiko, akapata vumbi la salfa la kutosha mtu mmoja, akachota siagi.

"Vua shati. Kuanzia shingo mpaka nyayo. Kitovu. Chini ya kucha." Alinipaka mgongo mwenyewe, kwa nguvu isiyo ya lazima. "Siku tatu. Hauogi. Ikikuwasha, haiko dudu, iko ngozi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Saa moja baadaye nilikuja kula. Nikachukua birika, nikamimina maji, nikaanza kusugua vidole, kama nifanyavyo kabla ya kila chakula na baada ya kila mgonjwa tangu nilipofundishwa kazi.

"Azarias. Unafanya nini?"

Nilitazama chini. Maji ya manjano juu ya mawe.

Akaninyang'anya birika, akalikalia.

Jumatano, 13 Mei

Mpaka umefungwa. Milio ya bunduki haikatiki. Asani ananilisha kwa kijiko ili nisipate sababu ya kunawa.

Alhamisi, 14 Mei

Siku ya tatu. Ofisi za serikali ni tupu. Askari wamepita mchana wakikimbilia kusini, bila viatu. Wanasema kesho vijana watakuwa mjini, na hakuna ajuaye watafanya nini na mtu aliyeshika ufunguo wa kabati la serikali.

Saa kumi mvuvi mmoja alileta karatasi kutoka ng'ambo ya ziwa, imelowa pembe. Mwandiko wa Alimasi. Niliisoma kwa sauti, maana Asani hakuwa na miwani: mtoto wa kike, Jumanne asubuhi, mzima, mama mzima. Walimkabidhi mtoto mikononi mwake saa ile ile, hakuna aliyemzuia. Mwavita anasalimia, anauliza kama yule mtu wa joto bado anajikuna.

Asani aliinuka kutoka juu ya birika. Alilia bila kujificha, akanijia mikono wazi ili anikumbatie. Hatua moja kabla hajanifikia akakumbuka, akairudisha nyuma.

"Kesho asubuhi," akasema. "Ukisha kuoga."